Nestorius: Askofu aliyeponzwa na neno moja

NI neno moja tu lililomvua Nestorius uaskofu wa Konstantinopoli, mji unaoitwa Istanbul leo, na kumpeleka jangwani hadi kufa kwake.

Alizaliwa mwishoni mwa karne ya nne huko Germanicia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Akiwa mtawa karibu na Antiokia, sifa za uhodari wake wa kuhubiri zilimfikia Kaisari Theodosius wa Pili, aliyemteua kuwa askofu wa mji huo mkuu mwaka wa 428.

Alianza kazi kwa ukali. Siku chache baada ya kutawazwa, aliamuru kanisa la wafuasi wa Arius, waliokana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba, libomolewe. Wenyewe wakalitia moto na nyumba za jirani zikateketea. Hakujua kwamba fimbo hiyo ingemrudia.

Mzozo ulizuka kuhusu Maria, ambaye waumini wengi walimwita Mama wa Mungu. Nestorius alihoji kwamba Uungu hauna mwanzo, hivyo hauwezi kuzaliwa na binadamu. Alipendelea Maria aitwe Mama wa Kristo, ili Uungu na ubinadamu visichanganywe.

Cyril, askofu wa Aleksandria nchini Misri, alipinga vikali. Kwake, ikiwa mtoto aliyezaliwa Bethlehemu ndiye Neno mwenyewe aliyefanyika mwili, basi mamake ni Mama wa Mungu. Kukana hilo ni kumgawa Kristo kuwa wawili na kuutia wokovu shakani, kwani aliyekufa msalabani angekuwa mtu tu.

Mnamo 430, Papa Celestine wa Roma aliunga mkono Cyril. Juni 22, 431, Cyril alifungua Mtaguso wa Efeso kabla ya Askofu Yohana wa Antiokia na wenzake kuwasili. Nestorius, aliyekuwa mjini humo, alikataa kufika kikaoni. Asiyekuwepo na lake halipo. Alihukumiwa siku hiyo hiyo.

Yohana alipowasili aliitisha kikao chake, nacho kikamvua Cyril cheo. Kaisari aliidhinisha hukumu zote mbili, lakini mwishowe Cyril alirejea Aleksandria akiwa na cheo chake, naye Nestorius akarudi utawani.

Mwaka wa 433 Cyril na Yohana walipatana. Walikiri Kristo mmoja mwenye asili mbili, na Maria kuwa Mama wa Mungu. Aliyelipia amani hiyo ni Nestorius. Mnamo 435 vitabu vyake viliamriwa kuchomwa, kisha akahamishiwa jangwa la Misri, ambako aliwahi kutekwa na wavamizi. Alifariki takriban mwaka wa 450.

Kitabu alichoandika uhamishoni kujitetea kilipatikana mwishoni mwa karne ya 19 katika tafsiri ya Kisiria, na kuchapishwa 1910. Humo anakana kwamba alimgawa Kristo kuwa wawili. Wasomi wangali wanabishana iwapo alihukumiwa kwa haki.

Novemba 11, 1994, miaka 1,563 baada ya Efeso, Papa Yohane Paulo II na Patriarki Mar Dinkha IV wa Kanisa la Ashuru la Mashariki, linalomheshimu Nestorius, walitia saini tamko la pamoja. Walikubali kwamba imani yao kuhusu Kristo ni moja, na kwamba Mama wa Mungu na Mama wa Kristo ni majina yote mawili yanayofaa.