Johannes Rebmann: Miaka 29 Bila Kurudi Kwao

Asubuhi ikiwa shwari na mawingu hayajapanda, sisi tunaokaa upande huu wa Mlima Meru twaweza kutazama mashariki tukaiona theluji ya Kibo. Watoto wa shule hufundishwa kwamba Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ile alikuwa Johannes Rebmann, aliyeiona tarehe 11 Mei 1848. Vitabu vingi humwacha hapo hapo mlimani, kana kwamba siku ya pili yake alipanda jahazi akaenda zake. Kumbe baada ya siku ile alikaa Afrika ya Mashariki miaka 27 mingine, akifundisha. Habari za miaka hiyo, na jinsi alivyorudi nyumbani mwisho wake, hazisimuliwi mara nyingi.

Rebmann alizaliwa Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, nchi ya Württemberg huko Ujerumani, katika nyumba ya wakulima. Alisomea umisionari Basel, kisha akaenda Islington, London, katika chuo cha C.M.S., akapewa daraja katika Kanisa la Anglikana. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wengi hudhani kwamba Mjerumani yule lazima alikuwa Mlutheri wa Leipzig. Hao walikuja baadaye. Rebmann alikuwa mtumishi wa chama kile kile ambacho mwaka 1876 kilifungua misheni ya Mpwapwa.

Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Aliyempokea alikuwa Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga pwani pale pale. Tarehe 25 Agosti wawili hao walipanda mlima kwenda kukaa Rabai, wote wakiwa na homa, wakiongozana hivyo hivyo kama wagonjwa. Wenyeji wa Rabai, mmoja wa jamaa ya Wamijikenda, waliwapa mahali pa kujenga.

Safari zake za bara tutazieleza kwa ufupi. Ya kwanza, mwaka 1848, alikwenda na kiongozi wa misafara aitwaye Bwana Kheri na wapagazi wachache, akashika mwavuli badala ya bunduki. Alipouliza ule weupe juu ya mlima ni nini, kiongozi wake hakuwa na neno jingine ila baridi. Baadaye alisikia kwamba zamani Mangi Rungua wa Machame alituma watu wengi wakachunguze kama ile ni fedha, na wengi wao hawakurudi. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, alianza safari tena, akafika Machame kwa Mangi Mamkinga, akakaribishwa vizuri. Kwa hiyo Aprili 1849 alirudi tena na wapagazi 30, akikusudia kupita hapo na kuendelea magharibi mpaka Unyamwezi. Lakini safari hii Mamkinga alimnyang'anya bidhaa zake kidogo kidogo mpaka zikaisha, wala bila bidhaa hakuna aliyeweza kupita katika nchi za watu. Rebmann alilia, kisha akageuka na kurudi pwani, mvua ikimnyeshea na ugonjwa wa tumbo ukimsumbua. Toka Machame mpaka miteremko ya Meru si mbali, lakini hakufika kwetu.

Habari za theluji zilipochapishwa London mwaka 1849, mtaalamu mmoja wa jiografia, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ya Mashariki, alizikataa kabisa. Alishikilia kwamba karibu na ikweta theluji haiwezi kukaa. Ubishi huo ulidumu miaka zaidi ya kumi, mpaka Baron von der Decken alipokwenda mwenyewe mlimani mwaka 1861 na tena 1862. Rebmann hakurudi Ulaya kujitetea. Aliandika aliyoyaona, akaendelea na darasa lake.

Hapa ndipo yeye na Krapf walipotofautiana. Krapf alitaka mlolongo wa vituo vya misheni toka pwani ya mashariki mpaka ya magharibi, na aliona kwamba kukaa mahali pamoja ni kupoteza wakati. Rebmann, baada ya yale ya Machame, aliona kwamba mmisionari afadhali ajenge nyumba, alime shamba, ajifunze lugha ya jirani zake na kuwafundisha hao wachache walio mbele yake. Sisi tuliokaa chuoni tukiwaandaa walimu twamwelewa sana Krapf, maana bila watu kama yeye hakuna kazi inayoanza. Lakini tukiulizwa ni nani tungemtuma shule ya kijijini yenye watoto kumi na mmoja na ubao uliopasuka, jibu letu ni Rebmann.

Mwaka 1851 alikwenda Misri akamwoa Emma, mjane Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya misheni huko, akarudi naye Rabai. Mtoto wao pekee alikufa akiwa mchanga. Krapf aliondoka, na mwaka 1855 Erhardt, mwenzao wa tatu, naye akaenda zake. Ramani aliyoichora Erhardt pamoja na Rebmann, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, ilichekwa sana, lakini iliwafanya Burton na Speke waje kutafuta. Hao walipita kwa Rebmann mwaka 1857, hakufuatana nao. Mashambulizi ya Wamasai karibu na Mombasa yalimlazimisha kuhamia Zanzibar kwa muda, kisha akarudi Rabai na kuanza tena.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufundisha na kuandika maneno. Alikusanya maneno ya Kiswahili, ya Kinyika (ndivyo walivyoita lugha za Kimijikenda siku hizo), na hata ya Kinyasa, lugha ya watu wa nchi ambayo leo ni Malawi. Kinyasa alifundishwa na mtumwa aitwaye Salimini, aliyetekwa kwao na kuletwa pwani. Nchi yenyewe Rebmann hakuiona kamwe. Fikirini basi, mwalimu mzima amekaa miguuni pa mtumwa, neno kwa neno, mwaka baada ya mwaka, ili watu wengine wapate kusoma siku moja.

Wanafunzi walikuwa wachache. Wa kwanza wa Rabai kubatizwa, Mringe, alikuwa kilema na mgonjwa, akafa. Wakaja wengine, miongoni mwao Abe Gunja na Abe Ngoa. Mwaka 1864 walifika wasaidizi waliokuwa watumwa na kusomeshwa Nasik, India: George David, William Jones na Ishmael Semler. Mwaka 1866 Emma alifariki. Toka hapo macho ya Rebmann yakaanza kufifia.

Sir Bartle Frere alipofika mwaka 1873 katika shughuli za kukomesha biashara ya utumwa, alimkuta mzee karibu kipofu, amezungukwa na kamusi zake, na kundi dogo sana la waumini. Wageni waliona jambo la aibu: karibu miaka thelathini, na matunda yako wapi? Sisi tumewaona wakaguzi wa namna hii. Huingia darasani, huhesabu vichwa, huandika, huondoka. Hata hivyo hatusemi kwamba hawakuwa na haki yoyote. Rebmann alikuwa mtu mgumu, mwenye kupenda upweke, wala hakujua kuwavuta watu wengi kwa pamoja. Lakini mpango mpya wa Freretown, uliotokana na ziara ile, ulipoanza mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, haukuanza katika nchi tupu. Walikuwako watu wa Rabai wanaosoma na kuomba katika lugha yao.

Mkuu wa kazi hiyo mpya, Kasisi Price, alimshauri aende nyumbani. Kumshawishi hakukuwa kazi nyepesi. Katika miaka 29 hakuwahi kwenda Ulaya hata mara moja. Wamisionari wengine walikwenda likizo wakarudi, yeye alikaa. Hatimaye mwaka 1875 alikubali. Kwa kuwa hakuweza kuona njia, alishikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Ngoa, akavuka naye bahari mpaka Ulaya. Mtu aliyekuja Rabai kuwaongoza watu aliondoka akiongozwa na kijana wa Rabai, na kijana huyo ndiye aliyemweleza njiani meli imefika wapi.

Huko Uingereza na Ujerumani matabibu hawakuweza kumrudishia macho. Gerlingen ya utoto wake hakuweza kuiona tena, na wengi aliowajua walikuwa wamekwisha kufa. Krapf alikuwa akikaa Korntal, kijiji cha karibu, akamchukua huko. Wazee hao wawili, waliotofautiana sana juu ya jinsi ya kufanya kazi, wakawa majirani tena kama siku za Rabai. Rebmann alioa tena, mjane wa mmisionari, lakini hakukaa naye muda mrefu. Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 4 Oktoba 1876.

Krapf alizichukua karatasi zake. Mwaka 1877 akaitoa kamusi ya Kinyasa kwa jina la Rebmann, na maneno mengi aliyokusanya mwenzake yaliingia katika kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Krapf mwenyewe hakuiona. Alifariki Novemba 1881, akazikwa Korntal. Mwaka 1885 William Jones na Ishmael Semler wakapewa ushemasi na Askofu Hannington.