Marshall Ward: Aliyeifumania kutu ndani ya jani la kahawa

MSAFIRI atokaye Matulo akielekea Mlima Elgon huingia katika mashamba ya kahawa ya Kimilili na Chwele. Wakulima wa huko wanaijua kutu ya majani: unga wa rangi ya chungwa upande wa chini wa jani, kisha jani hupukutika kabla ya wakati wake. Aliyethibitisha kwamba unga huo ni dalili tu, na kwamba adui mwenyewe amejichimbia ndani ya jani, ni Harry Marshall Ward, Mwingereza aliyezaliwa Hereford mnamo Machi 21, 1854.

Ward, mwana wa mwanamuziki, alifunzwa London na Thomas Huxley, akasoma Manchester na hatimaye Cambridge, alikohitimu mwaka wa 1879. Mwaka uliofuata serikali ilimtuma Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisiwa kilichokuwa kikitegemea kahawa.

Kutu ilikuwa imeonekana huko mwaka wa 1869. Sampuli zilipelekwa Uingereza kwa Miles Berkeley, kasisi aliyebobea katika elimu ya kuvu, naye akishirikiana na Christopher Broome akaipa jina la Hemileia vastatrix. Neno la pili, la Kilatini, lamaanisha mwangamizi.

Lakini jina halikutosha. Daniel Morris, mtaalamu aliyemtangulia Ward kisiwani, aliona nyuzi zilizotanda juu ya gome na majani ya mibuni, akaamini kuwa ni sehemu ya kuvu hiyo. Kwa hivyo wakulima walishauriwa kunyunyiza salfa na chokaa ili kuziua. Fedha nyingi zilitegemea iwapo utambuzi huo ulikuwa sahihi.

Ward aliketi na hadubini yake. Alitia vijimbegu vya kutu katika matone ya maji juu ya majani mazima, akaviona vikichipuza, vikipenya kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia, kisha vikitandaza nyuzi baina ya chembe hai. Baada ya wiki kadhaa unga wa chungwa ulijitokeza. Zile nyuzi za nje, alibainisha, ni za kuvu nyingine zisizohusika. Aidha alitundika mashambani vipande vya kioo vyenye utelezi, akanasa vijimbegu vilivyopeperushwa na upepo.

Hapa ndipo palipokuwa na uchungu. Dawa haingeweza kuifikia kuvu ikishaingia. Jani lilipaswa kukingwa mapema. Tena mashamba ya kahawa yaliyopakana bila miti ya kuzuia upepo yaliutandikia ugonjwa njia. Wenye mashamba walikuwa wakingoja tiba, si mafunzo, na wengi hawakuridhika. Ward alirejea kwao 1882, na kabla ya mwongo huo kuisha Ceylon ilikuwa imegeukia majani chai.

Aliteuliwa profesa wa botania Cambridge mwaka wa 1895, akafariki Torquay mnamo Agosti 26, 1906, akiwa na umri wa miaka 52. Hakuwahi kufanya kazi Kenya, ingawa kuvu hiyo ilikwisha kuonekana mwaka wa 1861 kwenye mibuni ya porini karibu na Ziwa Victoria. Katika mashamba ya Kenya iliripotiwa 1912. Ruiru 11, aina ya kahawa inayostahimili kutu pamoja na chulebuni, ilitolewa kwa wakulima 1985. Nayo Batian ikafuata 2010. Anayepanda aina za zamani hunyunyiza dawa ya shaba kabla ya mvua, vijimbegu vikiwa bado nje ya jani.