Rais Aliyewapenda Wanyama kwa Bunduki

Watoto wengi, hata huku kwetu pwani, wamelala wakikumbatia dubu wa kitambaa anayeuzwa madukani kwa jina la Teddy. Lakini ni wachache wajuao kwamba Teddy alikuwa mtu wa kweli, Rais wa Marekani, na kwamba aliwahi kushuka Mombasa akaenda bara mpaka nchi ya Sotik, kusini mwa Kericho, ambako leo kumeenea majani ya chai. Mtu huyo ni Theodore Roosevelt. Maisha yake yafaa kuelezwa, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo sisi pia halijatutoka: vipi mtu ampende mnyama kwa moyo wake wote, na papo hapo awe ndiye anayemtoa roho?

Roosevelt alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858, katika nyumba ya watu wenye mali. Utotoni alikuwa dhaifu wa mwili, pumu ikimnyima usingizi. Siku moja aliona sokoni maiti ya sili, mnyama wa baharini, akaingiwa na hamu kubwa. Baadaye alipata fuvu lake, na kwa fuvu hilo akaanzisha makumbusho yake mwenyewe nyumbani. Akajifunza kuchuna ndege na kuwajaza pamba wakae kama walio hai. Basi tangu mwanzo elimu yake ya wanyama ilipitia kwa wanyama waliokwisha kufa.

Tarehe 14 Februari 1884 msiba mkubwa ulimfika: mama yake na mkewe walifariki siku moja, katika nyumba moja. Akakimbilia nyika za Dakota kufuga ng'ombe. Nyati wa nchi ile, ambao zamani walihesabiwa kwa mamilioni, walikuwa wamekaribia kwisha kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda huko mwaka 1883 makusudi ili apate kumuua mmoja kabla hawajamalizika. Hata hivyo, mwaka 1887 yeye na wenzake waliunda chama cha wawindaji cha kutetea wanyama wasiuawe ovyo. Kwa hakika huyu alikuwa mtu wa mikono miwili: mmoja ukiua, wa pili ukilinda.

Alipokuwa Rais mwaka 1901, mkono wa kulinda ulipata nguvu. Katika miaka yake ya utawala alitenga ardhi ipatayo ekari milioni 230 kuwa misitu na hifadhi, zikiwamo hifadhi 51 za ndege na mbuga tano za taifa. Mwezi wa Novemba 1902, alipokuwa akiwinda huko Mississippi, wenyeji wake walimfungia dubu mtini ili ampige risasi. Alikataa, akiona ni aibu kumpiga mnyama aliyefungwa, ila aliamuru dubu huyo aliyejeruhiwa auawe kwa kisu asiteseke. Mchoraji wa gazeti akachora kisa hicho, na wenye maduka wakatengeneza dubu wa kitambaa. Habari ya kisu haikuingia katika mchoro.

Lakini huruma yake ilikuwa na mipaka. Paa na nyati walistahili kulindwa; mbwa mwitu wa Marekani, yule alaye mifugo, hakustahili. Mwaka 1905, akiwa bado Rais, alikwenda Oklahoma kufukuza mbwa mwitu kwa farasi na mbwa. Msomaji anakikumbuka kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), jinsi ndugu zake walivyomsingizia mbwa mwitu damu ambayo hakuimwaga. Huyu wa Marekani kweli alikula ng'ombe na kondoo, lakini alihukumiwa ukoo mzima bila ya kubakishwa mmoja. Kufikia mwaka 1926 mbwa mwitu wa mbuga ya Yellowstone walikuwa wamemalizwa na askari wa serikali ile ile iliyoitunza mbuga. Swala wakubwa wa huko wakazidi, wakala miche ya miti. Mwaka 1995 Wamarekani walilazimika kuleta mbwa mwitu wengine kutoka Kanada.

Roosevelt alitoka madarakani mwezi wa Machi 1909, na tarehe 21 Aprili mwaka huo meli ya Admiral ikamfikisha Mombasa, msimu wa masika. Alikuja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, na wataalamu waliotumwa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya taifa ya Washington. Alipanda gari la moshi, akaketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya kichwa chake, akitazama wanyama wa nyika. Huko bara walimngoja wapagazi zaidi ya 200, na shehena ya chumvi tani nne za kuhifadhia ngozi.

Katika msafara huo watu wa dini yetu hawakuwa wachache. Wachukuzi wa bunduki wa Roosevelt mwanzoni walikuwa Muhamed na Bakari; wa Kermit alikuwa Mswahili aitwaye Juma Yohari. Waislamu wa misafara ile walikuwa na sharti lao: mnyama achinjwe kabla hajakata roho, ama sivyo nyama yake hawaigusi. Basi aghalabu mlio wa bunduki ulifuatwa na mbio za mtu mwenye kisu. Wawili hao walikutana juu ya mnyama mmoja, lakini haja zao hazikuwa moja. Mmoja alitafuta chakula cha halali. Mwingine alitafuta ngozi, pembe na sifa ya shabaha.

Mwezi wa Juni Roosevelt alitoka Kijabe, akavuka nchi kavu isiyo na maji kwa magari ya maksai mpaka Sotik. Huko aliwakuta faru, simba, pofu, nyumbu na nyamera, akawinda kwa majuma. Aliiona kama nchi iliyoachwa tangu kuumbwa. Walakini haikuwa tupu. Mwaka 1905, miaka minne tu kabla yake, serikali ya kikoloni ilipeleka jeshi Sotik, likaua watu na kuteka ng'ombe wao. Baadaye ardhi yao ikagawiwa walowezi. Wenyewe Wakipsigis walikuwa na desturi zao juu ya wanyama. Kila ukoo una mnyama wake unaojinasibu naye. Hata hivyo, simba akivamia zizi, hawakusita kumwendea kwa mikuki. Nao basi walikuwa na mikono miwili, ila wao waliishi karibu na meno ya simba.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Roosevelt alikuwa na leseni, kwa hivyo aliitwa mwindaji. Mwafrika aliyeua swala ili ale bila ya leseni aliitwa mwizi. Katika misitu ya Mau, iletayo mvua kwa mashamba ya Kericho, Kermit aliwaua bongo wawili, swala wakubwa wekundu wenye mistari meupe, akiongozwa na Wandorobo, ambao wenyewe hujiita Ogiek. Hao walioonyesha njia ndio waliokuja kufukuzwa msituni mara kwa mara, na hata baada ya uhuru waliambiwa wanauharibu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa haki yao mwaka 2017.

Msafara ulipokwisha Khartoum mwezi wa Machi 1910, baba na mwana walikuwa wamewaua wanyama 512, wakiwamo simba 17, ndovu 11 na faru 20. Pamoja na panya, ndege, nyoka na samaki waliokusanywa na wataalamu, jumla ilizidi 11,000. Miongoni mwa wale faru, tisa walikuwa faru weupe waliouawa ukingoni mwa Nile, katika eneo la Lado. Roosevelt alijua kwamba aina hiyo ilikuwa adimu. Dume la mwisho la faru weupe wa kaskazini, jina lake Sudan, lilikufa Ol Pejeta, Laikipia, mwezi wa Machi 2018, likaacha majike wawili tu.

Roosevelt alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaanza kupanda Kericho. Misitu ikakatwa, vilima vikavikwa kijani cha namna moja, na nchi ya mifugo ikawa mashamba ya mahindi na maziwa. Faru wa Sotik wakatoweka. Hapo ndipo penye funzo. Wanyama wa Roosevelt tunawajua idadi yao kwa kuwa yeye aliwaandika mmoja mmoja daftarini. Waliotolewa roho na shoka, jembe na sumu, nani aliwahesabu? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, bunduki za starehe zikanyamaza, lakini bongo wa milimani wamezidi kupungua, hata wasalio porini hawafiki 100. Mwaka 2004 bongo 18 waliletwa kutoka Marekani, vizazi vya wale waliochukuliwa huku zamani.

Ni rahisi kumlaumu Roosevelt, maana ushahidi aliuacha mwenyewe. Lakini nasi tunao tuliowagawa makundi mawili. Ndovu tunamsifu kwenye noti na nembo, na akiingia shambani tunataka afe. Fisi tunamchukia hata pale asipotula. Mwenye shamba ana haki ya kulinda jasho lake, na hakuna anayeweza kumnyima. Lakini kumfukuza mnyama shambani na kumfuta duniani ni mambo mawili. Roosevelt, pamoja na elimu yake yote, alichelewa kuyatenganisha. Sisi tusiochelewa bado tunaweza.