Yusuf bin Hasan

Yusuf bin Hasan (takriban 1607 - 1638), aliyeitwa Jerónimo Chingulia baada ya kubatizwa, alikuwa Sultani wa Mombasa, Malindi na Pemba. Anakumbukwa hasa kwa kuwaondoa Wareno katika Boma la Yesu, Mombasa, mnamo Agosti 1631.

Mazingira ya kihistoria

Miji ya Waswahili ilishirikiana lugha, dini na biashara, lakini kila mmoja ulikuwa na mtawala wake, na jirani mara nyingi alikuwa ndiye mshindani. Hali hiyo ilifanana na ya miji ya Italia ya wakati uleule. Mtawala wa Milano aliwakaribisha Wafaransa mwaka 1494 ili wamsaidie dhidi ya wapinzani wake. Miaka minne baadaye, Sultani wa Malindi alimpokea Vasco da Gama akitafuta mwenzi dhidi ya Mombasa.

Urafiki wa Malindi na Wareno ulidumu karibu karne nzima. Mombasa ilishambuliwa na Wareno mwaka 1505, 1528 na 1589. Baada ya shambulio la mwisho, nasaba ya Malindi ilihamia Mombasa na kutawala huko. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Boma la Yesu kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milano.

Kisiwa cha Pemba kiliingizwa katika mpango huo. Pemba kilikuwa na rutuba na kilitoa mchele na mifugo, chakula kilichohitajika sana Mombasa. Nasaba ya Malindi ilipewa haki ya mapato yake kwa kulipa kodi, na haki hiyo ikawa moja ya sababu za ugomvi kati ya masultani na makapteni wa boma.

Maisha ya awali

Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa Mombasa akakimbilia Rabai. Mnamo 1614 aliuawa huko na watu wa bara waliokuwa wamehongwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, Uhindi.

Yusuf, aliyekuwa mtoto wa miaka saba hivi, alipelekwa Goa pia. Alilelewa na watawa Waaugustino, akabatizwa, akafunzwa mambo ya vita na kuoa mke Mkristo. Wareno walitarajia kupata mfalme mtiifu. Mnamo 1626 walimtambua kuwa mrithi wa baba yake.

Uasi wa 1631

Aliporudi Mombasa, Yusuf hakuaminiwa na upande wowote. Waislamu walimwona Mkristo aliyeletwa na wageni, na Kapteni Pedro Leitão de Gamboa hakumpa heshima ya mfalme. Kapteni alipoambiwa kwamba Yusuf huenda kwa siri kwenye kaburi la baba yake na kusali Kiislamu, alipanga kumkamata na kumpeleka Goa.

Yusuf alimtangulia. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia bomani na wafuasi wake, akamuua kapteni na kutangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Siku zilizofuata Wakristo wengi, Wareno na Waafrika, waliuawa baada ya kukataa kusilimu. Kanisa Katoliki lilianza kuwachunguza waliouawa kama wafiadini.

Miji ya pwani haikuungana nyuma yake. Pemba iliasi, lakini Unguja ilibaki upande wa Wareno. Mwanzoni mwa 1632 kikosi kutoka Goa kilizingira boma bila mafanikio, kikaondoka. Hata hivyo Yusuf alijua kwamba peke yake hangeweza kustahimili shambulio jingine. Mwezi Mei alibomoa sehemu za boma, akachukua mizinga na kuondoka kwa meli aliyoiteka. Wareno walirudi Agosti 1632.

Pemba baada ya uasi

Yusuf aliondoka, lakini Wapemba walibaki na gharama ya uasi. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika madaraka mwaka 1635, aliwaua viongozi wa kisiwa na kuwalazimisha watu walipe kodi waliyokuwa wamekataa. Aliiadhibu pia miji ya Pate na Siyu na kubomoa kuta zao. Matendo hayo yameandikwa kwenye bamba la jiwe juu ya lango la Boma la Yesu.

Kifo na athari

Yusuf aliendelea kushambulia meli za Wareno baharini hadi alipofariki mwaka 1638 katika eneo la Bahari ya Shamu. Baada yake Wareno hawakuiruhusu nasaba ya Malindi kutawala tena Mombasa. Ushirikiano ulioanza mwaka 1498 ulikuwa umekwisha. Kizazi kilichofuata, miji ya pwani ilitafuta msaada Omani. Mwaka 1698 Waomani waliteka Boma la Yesu, na baadaye Pemba na Unguja zikawa chini ya watawala wa Omani.