Mwami Yuhi Musinga na Chakula cha Vita vya Gisenyi

Katika safu hii leo tunapenda kuwasimulia wapiganaji wetu, pamoja na ndugu zetu polisi, habari za maisha ya Mwami Yuhi wa Tano Musinga, aliyetawala Rwanda tangu mwishoni mwa 1896 hadi 1931. Wengi humkumbuka kuwa ni mfalme aliyekataa ubatizo, akaondolewa na Wabelgiji. Hayo ni kweli, nasi tutayagusa. Lakini sisi tulioko Gisenyi tunamkumbuka kwa jambo jingine lisilosemwa sana. Katika enzi yake vita vya wageni vilipiganwa karibu miaka miwili mlangoni mwa mji huu, naye ndiye aliyetakiwa kuwalisha wapiganaji, kwanza wa jeshi moja na kisha wa jeshi la pili. Aliwalisha. Chakula hicho kilitoka nyumbani kwa nani, na waliokitoa walibaki na nini, ndiyo habari tunayotaka kuieleza.

Musinga alizaliwa yapata mwaka 1883, mwana wa Kigeri wa Nne Rwabugiri na Kanjogera. Baba yake alikuwa mtu wa vita. Karibu kila mwaka aliondoka na majeshi, mara kuelekea Ndorwa, mara kisiwa cha Ijwi, mara Bushi ng'ambo ya ziwa, na mauti yalimkuta mwaka 1895 akiwa safarini vitani upande huu huu wa Ziwa Kivu.

Hapana budi tusimame kidogo hapa, kwa maana msomaji asiyejua jinsi majeshi ya zamani yalivyotunzwa hataelewa yaliyofuata. Jeshi la Rwanda ya kale halikuwa watu waliookotwa njiani. Mtu alizaliwa ndani ya jeshi la baba yake, kila jeshi likiwa na jina lake, mkuu wake na makundi yake ya ng'ombe. Ukoo ulitoa kijana kwenda itorero, yaani kikosi cha vijana waliofunzwa nyumbani kwa mfalme au kwa mtawala, na waliobaki walilima na kuchunga kwa niaba yake. Tena walimpelekea chakula. Lugha ya Kinyarwanda ina neno maalumu kwa kazi hiyo: kugemura, kumpelekea chakula mtu aliye mbali na jiko lake. Chakula chenyewe huitwa ingemu. Neno hilo li hai hata sasa, kwani amchukuliaye mgonjwa uji hospitalini husemwa anagemura. Kwa hiyo kila mkuki uliokwenda vitani ulikuwa na kikapu kilichoufuata nyuma, na mchukuzi wa kikapu alimjua kwa jina yule anayekwenda kumlisha. Hatusemi utaratibu huo ulikuwa wa haki kwa wote. Rwabugiri huyo huyo ndiye ambaye katika enzi yake kazi ya lazima iitwayo uburetwa iliwaelemea wakulima. Lakini kwa upande wa askari na jamaa zake, kamba baina ya kambi na nyumba haikukatika.

Musinga alipanda kitini kwa damu. Mwishoni mwa 1896, huko Rucunshu, mama yake na wajomba zake, Kabare akiwa mbele, walimpindua Mibambwe Rutarindwa, mrithi aliyewekwa na Rwabugiri mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na mitatu hivi akawa mfalme, mamlaka yakiwa mikononi mwa wakubwa wake. Kapteni Ramsay wa Ujerumani alipofika mwaka 1897, wakuu wa ikulu walimtolea mtu mwingine aitwaye Mpamarugamba ajifanye ndiye mfalme, kwa kuchelea hila za mgeni. Tendo hilo hutufanya tucheke, lakini kwa jicho la ulinzi halikuwa la kipumbavu.

Alipokua, Musinga alijifunza Kiswahili, akakisoma na kukiandika, na kwa lugha hii tunayoitumia katika ukurasa huu alishughulika na maofisa wa Kijerumani. Aliwahitaji. Mwaka 1912 ndio waliomsaidia kuzima uasi wa Ndungutse kaskazini. Lakini miaka miwili kabla ya hapo, mkutano wa Brussels wa 1910 ulikuwa umegawa nchi kwa kalamu. Ijwi ikapewa Kongo ya Wabelgiji, Bufumbira ikaingizwa Uganda ya Waingereza, na Musinga hakuulizwa lolote.

Vita Kuu ilipozuka Agosti 1914, Mkaazi wa Kijerumani Richard Kandt alikuwa likizoni Ulaya, na uongozi ukashikwa na Kapteni Max Wintgens. Huyu alikuwa askari hodari na mwepesi. Tarehe 24 Septemba 1914 alikiteka kisiwa cha Ijwi, jambo ambalo bila shaka lilimpendeza mwana wa Rwabugiri. Kisha Wabelgiji wakaijia Gisenyi kutoka Goma, wakarudishwa, wakarudi tena. Mapigano yakaenea hadi mto Sebeya, ule uteremkao milimani na kumwagika ziwani kusini ya mji. Wajerumani wakachimba mahandaki, na mstari ukasimama hapo hadi 1916. Watu wa Bugoyi wakajikuta wakiishi kati ya mizinga miwili.

Musinga aliunga mkono upande wa Wajerumani kwa vitendo. Alitoa vijana wa ikulu wafunzwe bunduki, wakaitwa Indugaruga, jina lililotokana na rugaruga, neno wanalolijua vema wasomaji wetu wa Tabora na Unyamwezi. Alitoa ng'ombe. Aliwaamuru watawala wa milima watoe wapagazi, mtama na maharagwe. Kwa macho yake kazi hiyo haikuwa ngeni. Ilikuwa ingemu, kama ile ya baba yake, ila kwa kiasi kikubwa zaidi.

Hapo, kwa maoni yetu, ndipo kosa lilipokuwa. Vita vya Rwabugiri vilikwenda na kurudi, majeshi yakaishi kwa nyara na kwa vikapu vya nyumbani, mavuno yakawakuta wanaume wamesharejea. Vita vya Sebeya vilikaa mahali pamoja msimu baada ya msimu, navyo vilikula kila siku bila kurudisha kitu.

Na tufanye hesabu ambayo kila ofisa wa ugavi anaifahamu. Mpagazi hubeba kilo 30 hivi kichwani. Tuseme anakula kilo moja kwa siku, naye anatembea siku sita kutoka katikati ya nchi hadi mstari wa mbele, na sita kurudi. Katika kilo 30 hizo, 12 zimo tumboni mwake mwenyewe, na zinazomfikia askari ni 18 tu. Kila hatua mbele yaongeza walaji wa njiani. Ndiyo maana ng'ombe alipendwa kuliko gunia, kwa kuwa hujichukua mwenyewe hadi chinjioni, na ndiyo maana kila jeshi likaapo hugeukia kwanza mashamba yaliyo karibu. Mashamba yaliyo karibu yalikuwa ya Bugoyi, ardhi ya majivu ya volkano, yenye maharagwe, njegere na tumbaku, iliyokuwa ikiuza chakula na si kuomba.

Lipo jambo la pili ambalo hatupendi lipite bila kutajwa. Askari wa Kijerumani, na vivyo hivyo askari wa Force Publique ya Kongo, kwa kawaida alifuatana na mkewe. Mke alimpikia kambini, watoto wakawa naye, na wakati wa kuhama kombania iliwahamisha wote. Kwa hiyo jamaa ya askari ilikuwa ndani ya hesabu ya posho. Mpagazi hakuwa na haki hiyo. Alichukuliwa na mtawala wa mlima wake, mkewe akabaki na jembe moja, watoto, na ghala lililokwisha kupunguzwa kwa ajili ya jeshi lile lile lililomchukua mumewe. Kama aliondoka wakati wa kupanda, shamba halikupandwa. Hakuna aliyeiandika nyumba hiyo katika daftari lolote. Mji wa Dar es Salaam una Kariakoo yake, jina lililobaki kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Gisenyi hatuna hata jina la mtaa.

Mwezi Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur yaliingia Kigali na kisha Nyanza. Wintgens, akihofia kuzingirwa, aliiacha Gisenyi aliyoilinda kwa muda wote ule, akarudi nyuma kuelekea kusini. Musinga hakumfuata, alibaki Nyanza na watu wake. Wapo wanaomwita kigeugeu kwa hilo. Sisi tunauliza, mfalme anayekimbia na jeshi la wageni angemwachia nani nchi? Wabelgiji nao hawakumwamini, lakini walitaka kwake kile kile walichotaka wenzao: wapagazi, ng'ombe na nafaka, safari hii kwa njia ndefu ya kwenda Tabora, iliyotekwa Septemba 1916. Wengi waliobeba mizigo hiyo hawakuiona milima yao tena.

Ndipo ikaja Rumanura. Hilo ndilo jina la njaa ya miaka 1916 hadi 1918, kutokana na kumanura, yaani kuteremsha, na wakazi wa kaskazini magharibi wanalitaja hadi leo kwa sauti ya chini. Iliipiga Bugoyi na jirani zake kuliko mahali pengine. Ghala zilikuwa zimekombwa, mbegu imeliwa, mifugo imechukuliwa, mikono ya kulima iko njiani au kaburini. Maradhi yakaingia, hasa kuhara damu na ndui, yakiwakuta watu wasio na nguvu. Waliobaki na miguu waliteremka kusini au wakavuka kwenda Kongo kutafuta chakula. Katika nchi iliyokuwa ghala la ziwa, nyumba nzima nzima zilizimika moto, na miongoni mwake zilikuwa nyumba zilizowalisha askari wa pande zote mbili.

Je, lawama ni ya Musinga? Vita havikuwa vyake, na amri ya mwenye mzinga haikataliki kwa urahisi. Lakini watawala wake walipokusanya kwa ajili ya jeshi, wengi hawakusahau matumbo yao, na mzigo ukamwangukia mnyonge asiye na wa kumtetea ikulu. Bugoyi ilikuwa mbali na Nyanza, na watu wake hawakuhesabiwa miongoni mwa wapenzi wa ikulu. Mfalme aliyejua kuandika angeweza kudai ihesabiwe nyumba iliyotoa mtu, isitozwe pia nafaka. Amri za namna hiyo zingemgharimu nguvu yake kwa watawala, na nguvu yenyewe ilikuwa inampungua kila siku.

Kwa hakika ilimpungua haraka. Mwaka 1917 Wabelgiji walimnyang'anya haki ya kuhukumu kifo, na mwaka huo huo wakamtaka atangaze uhuru wa dini, jambo lililotikisa misingi ya ufalme wenyewe. Mwaka 1922 Gisaka ilitengwa kwa ajili ya Waingereza, ikarudishwa 1924. Mwaka 1928 na 1929 njaa nyingine, Rwakayihura, ikaikumba nchi, hasa upande wa mashariki. Musinga alizidi kukaza, akakataa kubatizwa, akagombana na watawala vijana waliosoma. Novemba 1931, Gavana Voisin, baada ya mashauriano na Askofu Classe, alimwondoa kitini na kumsimika mwanawe Rudahigwa. Musinga alipelekwa Kamembe, ncha ya kusini ya ziwa lile lile ambalo ncha yake ya kaskazini ni Gisenyi. Mama yake, Kanjogera, alikwenda naye, akafia huko mwaka 1933.

Askari aliyetumwa Darfur mwaka 2004 au Cabo Delgado mwaka 2021 aliacha nyuma mshahara unaomfikia mkewe na akiba katika Zigama CSS, iliyoanzishwa mwaka 1997. Aliyechukuliwa mlimani mwaka 1915 hakuacha hata karatasi. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliidhinisha kuwalipa askari wazee wa vita vile vya 1914 waliokuwa bado hai Tanganyika, na wazee wakajipanga Mwanza kupokea. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Mjane wa mpagazi wa Bugoyi hakuwa na foleni ya kujipanga.

Kamembe Musinga hakusahauliwa. Wafuasi wake waliendelea kumfikia, na Wabelgiji hawakupenda mwendo huo. Mwaka 1940, Vita vya Pili vikiwa vimeanza, walimhamishia mbali zaidi, Moba, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, mahali ambapo kikapu cha kutoka Rwanda hakikumfikia kwa urahisi. Alifariki huko mwaka 1944. Wakati huo nyumbani ilikuwa njaa ya Ruzagayura, na kwa mara nyingine serikali ya kikoloni ilikuwa ikidai kwa wakulima chakula na kazi kwa ajili ya vita vya Ulaya.