Darsa ya Ramadhani 3: Nyumba ya Bibi Fatma



Leo ni Ramadhani 3. Wanahistoria wengi wametaja kuwa siku kama ya leo, mwaka wa 11 Hijria, ndipo alipofariki Bibi Fatma (RA), miezi sita tu baada ya baba yake, Mtume wetu (SAW). Fadhila zake unazijua. Leo twende tukabishe hodi nyumbani kwake. Joto hili limetuweka ndani mchana kutwa tukingoja magharibi, na nyumbani ndipo mtu anapojulikana alivyo.

Aliolewa Madina mwaka wa 2 Hijria. Sayyidna Ali (RA) hakuwa na mali, mahari yake ilikuwa deraa yake ya vita. Na bi harusi aliingia na nini? Nguo nene ya kujifunikia, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa majani makavu. Basi. Wewe uliyekopa juzi kwa ajili ya harusi, hebu isome tena orodha hiyo taratibu.

Usidhani lakini kwamba nyumba ile haikuwa na mitihani. Siku moja mchana Mtume (SAW) alikwenda kwa binti yake, asimkute Ali. Akauliza yuko wapi. Bibi Fatma akaeleza kuwa wamepishana maneno kidogo, mwenzake ametoka na hakulala usingizi wa mchana pale nyumbani. Ali akakutwa msikitini amelala, shuka imemdondoka, mgongo umejaa vumbi. Mtume hakuuliza nani mwenye makosa. Alimpangusa lile vumbi kwa mkono wake, akamtania kwa jina la Abu Turab, yaani baba wa udongo. Ali akalipenda jina hilo kuliko majina yake yote. Angalia mkwe anavyozima moto! Wangapi kati yetu tunausikia ugomvi wa watoto wetu, tukaenda kuuchochea?

Siku nyingine Mtume alifika mlangoni akaona pazia lenye nakshi. Hakuingia, akarudi. Bibi Fatma alipopata habari alituma kuuliza alifanyie nini. Akaelekezwa alipeleke kwa watu fulani wenye shida. Pazia si haramu, ndugu yangu. Ila baba alimtakia binti yake kitu bora zaidi ya mlango uliopambwa.

Sasa tufike penye uzito. Bibi Fatma alisaga nafaka kwa jiwe mpaka mikono ikaota sugu. Alichota maji mpaka kiriba kikamwachia alama kifuani. Alifagia mpaka nguo zikajaa vumbi. Akasikia kuna mateka wameletwa kwa baba yake, akaenda kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamwachia Bibi Aisha ujumbe. Usiku, yeye na mumewe wameshalala, Mtume akaja. Walitaka kuinuka, akawazuia, akakaa katikati yao mpaka Ali akahisi ubaridi wa nyayo zake. Mtumishi hakuwapa. Mapokezi mengine yanataja sababu: masikini wa Suffa pale msikitini walikuwa wanalala na njaa. Akawafundisha wanapokwenda kulala waseme Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, na Allahu Akbar 34, akawaambia hayo ni bora kwao kuliko mtumishi.

Sayyidna Ali hakuiacha adhkari hiyo maisha yake yote. Alipoulizwa kama hakuiacha hata usiku wa vita vya Siffin, akajibu kuwa hata usiku huo.

Hapa nataka tusemezane kwa ukweli. Mwaka mmoja, Ramadhani kama hii, mke wangu alilalamika amechoka na jiko. Mimi nimekaa zangu kwenye feni, nikamwambia asome tasbihi ya Bibi Fatma. Akaniuliza kwa upole, mbona huyo aliyeifundisha alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe na kuwasaidia wake zake kazi? Sikuwa na jibu. Nikainuka nikaenda kuosha vyombo. Nimesomesha hadithi hii miaka mingi, lakini siku ile ndiyo niliyoifahamu.

Mtume hakumtupia binti yake dhikri akiwa mbali ili amnyamazishe. Alimfuata usiku, akakaa naye, kisha akawafundisha wote wawili, mke na mume. Ile ni dawa ya nyumba nzima. Ukimwambia mwenzio asubiri na wewe hujanyanyua hata sahani, umeshika nusu ya hadithi.

Basi usiku wa leo, baada ya tarawehe, fanya mambo mawili. Kwanza, tazama nyumbani kuna kazi gani imemwelemea mtu, uifanye wewe bila kutangaza. Pili, mkishazima taa, wewe na mwenzio someni zile 33, 33 na 34. Kama uko peke yako, soma vilevile. Haina gharama, haihitaji kiyoyozi wala samani mpya.

Ewe Mola, mrehemu Bibi Fatma na mumewe, zitie nyumba zetu utulivu, na ututoshelezee kichache chetu. Amin.

Ukiona ina faida, mtumie mwenzio. Tukutane kesho inshallah.