Janis Joplin: Hana kaburi, lakini mashabiki hawajamzika

Ukitaka kupeleka maua kwenye kaburi la Janis Joplin, utatembea bure. Mwili wake ulichomwa mwaka wa 1970 na majivu yakamwagwa katika Bahari ya Pasifiki. Hata hivyo, muulize shabiki wa roki ya kitambo akutajie mwanamke aliyewahi kuwasha moto jukwaani. Jina la Janis litakuja mapema sana.

Na huyu dada alivuma kwa kama miaka minne tu. Minne! Kuna wasanii wanaoimba miaka 40 na tunawasahau wakiwa hai. Sasa yeye alikuwa na nini?

Alizaliwa Januari 19, 1943 mjini Port Arthur, Texas, Marekani, mji wa viwanda vya kusafisha mafuta. Shuleni hakupata amani. Uso ulimjaa chunusi, na isitoshe alisema waziwazi kwamba haoni sababu ya watu weusi kutengwa, wakati Texas ilikuwa imegawanya karibu kila kitu kwa rangi. Wenzake walimtusi kwa hilo. Yeye akajishikia santuri za Bessie Smith na Lead Belly, waimbaji weusi wa bluzi, akawaiga mpaka sauti yake mwenyewe ikajitokeza.

Chuo Kikuu cha Texas kule Austin hakikuwa na afadhali. Wanafunzi walikuwa na shindano la kumchagua mwanamume mwenye sura mbaya zaidi chuoni, na kuna waliopendekeza jina lake. Hebu fikiria hiyo, na wewe ni msichana wa miaka 19. Mapema 1963 aliacha masomo, akaenda San Francisco kwa kuomba lifti barabarani.

Watu hupenda kurukia sehemu tamu hapa. Ngoja kwanza. San Francisco ilimshinda mara ya kwanza. Alizama kwenye dawa za kulevya, akakonda vibaya, hadi 1965 marafiki wakamchangia nauli ya basi arudi kwao. Nyumbani alifunga nywele vizuri, akarudi darasani, akajaribu kuwa binti ambaye mji wake ungemwelewa.

Kisha mwito ukaja. Rafiki yake Chet Helms alikuwa meneja wa bendi ya vijana wa San Francisco iliyoitwa Big Brother and the Holding Company, na walitaka mwimbaji. Juni 1966 akajiunga nao.

Mwaka mmodi baadaye, Juni 1967, walipanda jukwaani katika tamasha la Monterey, California. Shoo yao ya Jumamosi haikurekodiwa kwa kamera, lakini ilitikisa watu kiasi kwamba walipewa nafasi ya pili Jumapili ili wapigwe filamu. Kwenye filamu hiyo utamwona Cass Elliot, mwimbaji wa The Mamas & the Papas, ameketi kati ya watazamaji, mdomo wazi. Mwimbaji mkubwa, amekwisha kabisa!

Albamu yao Cheap Thrills ilitoka Agosti 1968 na kukaa nambari moja Marekani kwa wiki nane. Wachambuzi wengi walisema wale vijana hawajui kupiga vyombo, na mwisho wa mwaka Janis akawaacha, akaunda bendi yake. Mimi nabisha. Bendi zake za baadaye zilipiga safi zaidi, ndiyo, lakini sauti iliyokwaruza vile ilipendeza ikiwa na gitaa zinazokwaruza pia.

Lakini tusidanganyane. Wimbo uliowamaliza watu Monterey, Ball and Chain, ulikuwa wa Big Mama Thornton, mwanamke mweusi ambaye hakuwahi kupata hata nusu ya sifa hizo. Janis alijua ana deni kwa waliomtangulia. Bessie Smith alifariki 1937, na kaburi lake kule Pennsylvania likakaa zaidi ya miaka 30 bila jiwe lenye jina. Agosti 1970 jiwe likawekwa, limelipiwa na Janis pamoja na Juanita Green, mama aliyewahi kumfanyia Bessie kazi za nyumbani akiwa mtoto.

Miezi miwili baadaye, Janis naye hakuwepo.

Alikuwa Los Angeles akirekodi albamu ya Pearl. Jumapili, Oktoba 4, 1970, alitarajiwa studio aimbe Buried Alive in the Blues. Vyombo vilikuwa tayari vimerekodiwa. Hakutokea. Walimkuta hotelini amefariki. Heroini. Alikuwa na miaka 27.

Pearl ilitoka Januari 1971 na wimbo ule uliachwa hivyo hivyo, vyombo vitupu. Ikafika nambari moja. Me and Bobby McGee, utunzi wa Kris Kristofferson na Fred Foster, nao ukafika nambari moja. Mwenyewe hakuyaona hayo yote.

Kinachoniudhi ni hizi tishati na picha za wasanii waliokufa wakiwa na 27, kana kwamba huo ni umri wa ushujaa. Jimi Hendrix alikuwa amefariki siku 16 tu kabla ya Janis, naye akiwa na 27. Hakuna mtu aliyetoboa hapo. Tulichopata ni wimbo usio na mwimbaji. Anayempenda Janis kwa sababu ya kifo chake hajamsikiliza bado.

Mashabiki wa kweli wanapenda kingine. Alipoimba hakujificha. Sauti ikikatika, aliiacha ikatike, na msichana aliyechekwa chuo kizima akawafanya watu wasiweze kutazama kwingine.

Kama humjui, anza na video ya Monterey, kisha Cheap Thrills, kisha Pearl. Halafu mtafute Big Mama Thornton na Bessie Smith. Janis mwenyewe angekutuma huko.